Fungu la Mama Mkwe

Mwindaji wa Kihadzabe akimpata mnyama mkubwa harudi kambini akishangilia. Huingia kimya, huketi na wanaume wenzake kivulini, huweka upinde na mishale kando yake na kungoja. Mwenye jicho kali ataiona damu kwenye uti wa mshale, na hapo ndipo maswali yataanza. James Woodburn, mwanaanthropolojia wa London aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliuandika mwenendo huo, tena akaandika jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: nyama ikishafika kambini, aliyeiwinda hana usemi mkubwa juu ya mgawo wake. Watu wanachukua mafungu yao kwa sababu ni yao. Hakuna anayepiga magoti kushukuru, na hakuna anayeandikiwa deni.

Makala hii ni ya ushauri, na ninaiandika kwa watu wa aina tatu: kijana anayetaka kuoa au kuolewa, mtumishi aliyepangiwa kazi mbali na kwao, na mtu yeyote anayetaka kushika kalamu aandike habari za watu. Nawashauri wote jambo moja. Chochote ulichokipata, mshahara, mke, mume, elimu au habari uliyosimuliwa jioni, kina fungu la mtu mwingine ndani yake. Fungu hilo litoke mapema, kabla hujazoea kuliita lako.

Nimelichukua neno hili Yaeda Chini kwa sababu sijui mahali pengine panapolifundisha waziwazi namna hiyo. Yaeda Chini ni kata ya Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, ndani ya bonde lililo kusini-mashariki mwa Ziwa Eyasi. Ukitoka Mbulu mjini unaacha baridi na mashamba ya nyanda za juu, unashuka hadi kwenye joto, migunga na mibuyu. Wahadzabe, ambao kwa jumla yao wanazidi watu elfu moja kidogo tu, wanaishi humo pamoja na Wadatoga wenye mifugo, Wairaqw wakulima na wafugaji, na upande wa kusini Wanyisanzu. Lugha zao hazina undugu: Kiiraqw ni cha Wakushi, Kidatoga cha Waniloti, Kinyisanzu cha Wabantu, na Kihadza, chenye sauti za kugonga ulimi, kimesimama peke yake bila ndugu aliyethibitishwa popote duniani. Mtu anayekulia bonde lile huona mapema kwamba jirani yake anaoa, anazika na anagombana kwa desturi nyingine kabisa, na bado ni lazima akutane naye kisimani kesho asubuhi.

Nianze na ndoa, maana ndiyo inayoumiza wengi.

Wahadzabe hawana kamati ya harusi. Kijana na binti wakipendana, wanaanza kulala kwenye kibanda kimoja, na kambi nzima inajua kwamba wameoana. Mara nyingi mume ndiye anayehamia kwa wakweze. Anatakiwa alete nyama, na alete shanga na vitu vingine kwa ajili ya mama wa mkewe. Anatakiwa awepo. Woodburn alieleza kwamba mwanamume akiondoka kambini akakaa wiki kadhaa bila kurudi, ndoa yake inaingia hatarini, na mara nyingi watu wanaihesabu kuwa imekwisha. Kwao hakuna cheti cha kuitetea ndoa ya mtu asiyeonekana.

Msomaji wa Arusha au Dodoma anaweza kuona kwamba huko ni kuichukulia ndoa kwa wepesi. Mimi naona ni uzito wa aina nyingine. Sisi tunaweka uzito wote siku ya kwanza: posa, mahari, sendofu, ukumbi, sare za kamati, kadi za michango zinazosambazwa miezi sita kabla. Nimewaona vijana wa mshahara wa kawaida wakianza maisha ya ndoa wakiwa na deni la ukumbi ambalo linalipwa hadi mtoto wa kwanza anatambaa. Siku ikipita, uzito umekwisha, na mume anapata kazi kwenye machimbo ya Mererani au anakwenda kuendesha bodaboda mjini, halafu anarudi Krismasi. Wahadzabe wanaipitisha siku ya kwanza bila ngoma yoyote na kuutandaza uzito juu ya siku zote zinazofuata.

Kwa hiyo, wewe unayepanga harusi mwaka huu, ushauri wangu wa kwanza ni wa hesabu. Kaeni nyinyi wawili, kabla kamati haijakaa, mpange fedha ya miezi kumi na miwili ya kwanza: kodi ya nyumba, chakula, nauli ya kwenda kwa wazazi wa pande zote mbili, akiba ya kujifungua. Kinachobaki ndicho cha harusi. Kisipobaki kitu, fungeni ndoa asubuhi kanisani, msikitini au bomani, mpike wali nyumbani, mle na wazazi. Wakwe zako hawatakudharau. Watakaonung'unika ni wale waliotaka kuonekana kwenye video.

Ushauri wa pili ni kwa wale ambao kazi inawatenganisha, na najua hawana hiari, kwani nchi yetu imejengwa na watu wanaolala mbali na wenzi wao. Kama huwezi kuwepo, basi kutokuwepo kwako kuwe na ratiba. Mwenzako ajue tarehe utakayorudi, na tarehe hiyo uiheshimu kama unavyoiheshimu siku ya kuripoti kazini. Hela ya matumizi itoke siku ileile mshahara ulipoingia, kabla hujapita kwa marafiki, kabla hujalipa hata kile kikoba. Piga simu saa moja inayojulikana, mzungumze mambo madogo: mbuzi aliyepotea, mtoto aliyekataa uji, paa linalovuja. Ndoa za mbali hufa kwa sababu watu huzungumza shida kubwa tu, na baada ya miaka miwili kila simu ikiita moyo unashtuka.

Sasa nije kwa mama mkwe, ambaye nimempa kichwa cha habari.

Katika vichekesho vya redio na vibonzo, mama mkwe ni adui. Huingilia, hupekua, huhesabu vipande vya nyama. Wahadzabe wamempa fungu lake kwenye mkataba wenyewe wa ndoa, na fungu hilo lina sababu inayoweza kupimwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 watafiti watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa kwenye kambi za Wahadzabe wakipima nani analeta chakula gani na watoto wanaongezeka uzito kiasi gani. Waliona kwamba mama akiwa ananyonyesha kichanga muda wake wa kuchimba mizizi hupungua, na yule mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa hukua vizuri au vibaya kutegemea bidii ya bibi yake. Walichapisha matokeo hayo mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo yanatajwa dunia nzima katika mjadala wa kwa nini mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa.

Itazame kazi yenyewe. Mwanamke mwenye mvi anachuchumaa penye mawe, mkononi ana kijiti kigumu kilichochongwa ncha na kukomazwa kwa moto. Anagonga ardhi kwanza na kusikiliza. Akishajua mzizi uko wapi anaanza kuchokonoa, anang'oa jiwe moja baada ya jingine, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mzizi unaotoka ni mrefu, wa rangi ya udongo, na una nyuzi nyingi. Huubabua kidogo kwenye moto, humenya ganda, humpa mtoto kipande. Mtoto hutafuna, hufyonza utamu na maji, kisha hutema kitonge cha nyuzi. Kazi hiyo hurudiwa karibu kila siku, saa nyingi, jua likiwa kali, na anayeifanya ni mtu ambaye kwetu tungemwambia apumzike.

Kwa hiyo mkwe anapopeleka nyama na shanga, anampelekea mtu anayewalisha watoto wake. Wewe unayemwita mama mzaa chema aje kukaa nawe mjini mkeo anapojifungua, umempangia fungu gani? Wengi humnunulia tiketi ya basi na kumpa kitanda sebuleni, halafu humrudisha kijijini baada ya miezi mitatu na khanga moja, kana kwamba alikuja kutembea. Ameacha shamba lake bila palizi. Ameacha kikundi chake cha kuweka na kukopa, na huenda amekatwa faini kwa kutohudhuria. Muulize kabla hajaja shamba lake litapaliliwa na nani, na ulipe wewe kibarua huyo. Akiwa kwako, mpe fedha yake mkononi, isipitie kwa mwanawe, ajinunulie anachotaka bila kuomba. Na umwite kwa heshima anayostahili, "mama", mbele ya watoto, hata siku ambayo mmetofautiana kuhusu chumvi.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao nautetea pia. Mama mkwe mwenye fungu lake hana sababu ya kupekua. Wengi wanaoingilia ndoa za watoto wao wanaingilia kwa hofu ya kusahauliwa. Fungu likifika kwa wakati, maneno yanapungua. Yasipopungua, mume ndiye wa kusema na mama yake, na mke ndiye wa kusema na mama yake. Usimtume mwenzako kwenda kumkosoa mzazi asiye wake.

Wanandoa watagombana. Wadatoga wana jambo ambalo ningependa lijulikane zaidi: baraza la wanawake, lenye mamlaka ya kukaa, kusikiliza na kumtoza mwanamume faini ya ng'ombe akimkosea mwanamke katika mambo yaliyo ya heshima ya wanawake. George Klima, aliyeishi na Wabarbaig, Wadatoga wa Hanang, na kuchapisha habari zao miaka ya 1960, alieleza kwamba wanaume huyaogopa mabaraza hayo na hulipa. Sisemi kwamba mwanamke wa Kidatoga hana shida. Anazo, na nyingi zinatoka kwenye desturi hizohizo. Ninachosema ni kwamba jamii ile ilijua tangu zamani kwamba mume na mke hawawezi kuachwa peke yao ndani ya nyumba kila mara. Panatakiwa pawepo mahali pa kwenda.

Sheria yetu inasema hivyohivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwenzi yeyote kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na kabla ya kuomba talaka mahakamani inawataka wanandoa, kwa kawaida, wapitie kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Usingoje hadi mtakapotaka kuachana ndipo ulijue baraza la kata yenu linakaa wapi na siku gani. Kama kuna kipigo, acha usuluhishi kwanza. Nenda mahali salama, nenda polisi kwenye dawati la jinsia, nenda hospitali uandikiwe ulichotendewa.

Tena sheria hiyo inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na wakatambulika kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watu wengi wameisikia nusu ya kwanza tu, wakastarehe. Dhana hiyo hubishaniwa, na mara nyingi mbishi ni ndugu wa marehemu, matanga hayajaisha. Kama mmeamua kuishi pamoja, andikisheni.

Na mkinunua kiwanja, au kijiji kikiwapa ardhi, hati iwe na majina yote mawili. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa: kupika, kufua, kulea. Uamuzi ule umewafaa wanawake wengi baadaye, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao aliouomba, kwa sababu mahakama iliona amekwisha kupewa fedha na hakuzitumia ilivyokusudiwa. Chukua mafundisho yote mawili. Fungu lako lipo hata kama hukuwahi kupokea mshahara, na ukishalipokea, lilinde.

Niseme kidogo juu ya kamari, kwa kuwa inamaliza mafungu ya watu wengi siku hizi. Wahadzabe wana mchezo wao wa kale, lukuchuko, wa kurusha vipande vya magome ya mti na kuangalia vimeangukaje. Wanaume hucheza kwa saa nyingi, na vitu huzunguka kutoka kambi moja hadi nyingine: mishale ya chuma, visu, shanga. Lakini kuna vitu ambavyo havichezewi. Upinde wa mtu, mishale yake ya kawaida isiyo na sumu, na mkoba wake wa ngozi, hivyo haviwekwi kabisa. Mtu anaweza kushindwa kila kitu mchana kutwa, na jioni bado ana kitu cha kumtafutia chakula. Kijana unayebeti kwenye simu, ningependa uache. Usipoacha, basi leo, kabla ya mechi, taja kwa mkeo au kwa kaka yako vitu visivyoguswa: ada ya mtoto, mafuta ya bodaboda, mtaji wa genge, hela ya mbegu. Viandike, umpe yeye akutunzie. Wazee wa porini walilifahamu hili bila kufilisiwa na simu.

Nageuka kwa mtumishi.

Mwalimu, muuguzi, bwana shamba au mtendaji anayepangiwa Yaeda Chini kwa mara ya kwanza mara nyingi huanza kwa kuulizia uhamisho. Simlaumu. Masika maji hutuama bondeni, barabara ya udongo mweusi hunasa magari, na mgonjwa wa kupelekwa Haydom, kwenye hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, anaweza kuchelewa njiani. Lakini kuna watu waliokwisha kwenda pale na nia njema kabisa wakaleta msiba, na kila mtumishi anatakiwa aijue habari hiyo kabla hajafungua begi. Katikati ya miaka ya 1960 serikali changa ya nchi huru iliamua kuwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini wakae kijijini, walime, wasomeshe watoto. Walipewa chakula, wakajengewa. Waliokuwa wamezoea kukaa kambi ndogondogo zinazohamahama wakajikuta wamesongamana mahali pamoja, magonjwa yakawaingia, watu wakafa, na waliobaki wakarudi porini. Majaribio mengine ya namna hiyo yalifuata miaka ya baadaye, na mengi yaliishia vilevile.

Waliopanga mambo yale hawakuwa watu wabaya. Walitaka kugawa walichonacho. Walikosa kuuliza fungu la wale wengine ni lipi. Mtumishi mpya, wiki zako za kwanza usianzishe jambo. Hudhuria mikutano ya kijiji ukae nyuma. Nenda mnadani. Waulize wenyeji mambo matatu: nani aliwahi kuwafaa kati ya waliokutangulia, alifanya nini, na kitu gani kililetwa hapa kikaharibika. Majibu yao yatakusaidia kuliko semina. Na mtoto wa Kihadzabe akitoroka bwenini akarudi porini kwa wazazi, kabla hujaandika kwenye daftari kwamba ni mtoro, uliza msimu huo kuna nini porini. Huenda matunda yameiva na kila ndugu yake yuko huko. Huenda kuna aliyemcheka kwa lugha yake darasani. Mambo haya mawili yana dawa tofauti.

Juu ya ndugu wanaoomba, jambo linalomsumbua kila mwenye mshahara Tanzania, nitasema hivi. Kwa Wahadzabe kuomba hakumvunjii mtu heshima. Mwenye kuona anasema nipe, na mwenye nacho anatoa. Sisi tumebaki na maombi hayo, tukayatia aibu: anayeomba hutunga ugonjwa, na anayeombwa huzima simu. Afadhali uweke wazi. Tenga kiasi cha ndugu kila mwezi, hata kiwe kidogo, ukiwataarifu wakubwa wa ukoo kwamba ndicho kilichopo. Kikiisha, sema kimeisha, kwa sauti ya kawaida. Ndugu anayejua fungu la ukoo lipo na linatoka kwa zamu hakuchukii siku ambayo si zamu yake.

Sasa kwa mwandishi.

Wahadzabe ni miongoni mwa watu walioandikwa sana Afrika. Wamepimwa usingizi, hatua wanazotembea, chakula, hata vijidudu vya tumboni. Mwanaanthropolojia Frank Marlowe alikaa nao kwa vipindi vingi tangu mwaka 1995, akachapisha kitabu kikubwa juu yao mwaka 2010. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza, katika majarida ambayo kijana wa kijiji cha Mongo wa Mono, bondeni humo, aliyemaliza kidato cha nne hawezi kuyalipia. Habari iliwindwa Yaeda, ikaliwa kwingine. Nina shukrani kwa watafiti hao, nimejifunza kwao mengi niliyoyataja hapa juu, na bado nasema kuna fungu halijarudi.

Maandishi yanaweza kurudi yakiwa na nguvu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati za kimila za ardhi zaidi ya hekta 20,000, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Miaka minne tu kabla yake, mwaka 2007, kampuni moja ya uwindaji ya kigeni ilikuwa imepewa ruhusa ya kutumia ardhi yao, ikaondoka baada ya kelele nyingi za wenyewe na za dunia. Kelele huisha. Hati ilibaki, na juu ya hati hiyo ukasimama mradi wa hewa ukaa unaowalipa wenyeji kwa kuutunza msitu. Fedha zake zimelipa walinzi wa kijiji, ada za wanafunzi na matibabu. Karatasi chache zilizoandikwa vizuri, zenye mipaka sahihi na majina sahihi, zimewafaa watu wale kuliko sifa zote walizomiminiwa kwenye majarida.

Kwa hiyo ukitaka kuandika, anza na usahihi. Waite watu kwa jina wanalojiita: Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw. Majina waliyobandikwa na majirani zao, ambayo bado unayasikia kwenye mabasi, yaache yafe. Mtu akikusimulia, muulize kama jina lake litokee au lisitokee, na ukubali jibu lake hata kama habari inapungua ladha. Ukimaliza, rudi umsomee. Msomee kwa sauti, polepole. Wairaqw wana maombi yao ya baraka, slufay, ambayo mzee huyatamka mkutanoni na watu wote humwitikia, kifungu baada ya kifungu. Chukua adabu hiyo. Sentensi ambayo msikilizaji hawezi kuiitikia kwa sababu imemzungusha mno, ikate. Palipomfanya akunje uso, uliza kwa nini.

Andika kwa ajili ya mtu unayemjua. Mwana Kupona, mama wa Kiswahili wa pwani ya Lamu, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alitunga utenzi wa kumuusia binti yake juu ya dini, ndoa na heshima, na tunausoma hadi leo kwa sababu ulikuwa na mwenyewe. Baadhi ya ushauri wake kwa wake za watu siukubali, na binti zangu wa Mbulu wasiufuate wote. Lakini najua kila ubeti unazungumza na nani. Shaaban Robert, karani wa serikali aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, aliwatungia watoto wake nyosia za namna hiyo, naye alikuwa mtu wa ajira, anayehamishwa kituo baada ya kituo, anayeandika baada ya kazi. Hakungoja astaafu. Kwa hiyo unayesema huna muda, tenga nusu saa kabla watoto hawajaamka, andika ukurasa mmoja kwa mtu mmoja: mwanao, mdogo wako aliye bwenini, mkeo aliye mbali. Mueleze jambo ulilojifunza, lilivyotokea, bila kujisifu. Ukiona umeandika sentensi inayokuonyesha wewe ulivyo hodari, ifute, uone kama habari imepungua. Mara nyingi haipungui.

Na kazi yako ikichapwa, toa nakala mbili kabla hujaziwekea sahihi za marafiki. Moja mpelekee mzee aliyekusimulia, hata kama hasomi, kwa sababu mjukuu wake anasoma na atamsomea. Ya pili ipeleke shule ya msingi ya kijiji kile, umkabidhi mwalimu mkuu mkononi, aiandike kwenye daftari la vitabu vya shule. Kama ni Yaeda, panga safari yako kati ya Julai na Oktoba, barabara ikiwa kavu.